Mama alimwachia mke mwenzake kauli juu ya mguu wake

Wakuu, salaam. Shikamoo zenu nimeshazipokea, marahaba, maana nimevuka sabini na wengi humu ni wajukuu zangu. Ninachosimulia nilikiona kwa macho yangu, na penye aibu yangu sitapaficha.

Juzi kuna mmoja aliuliza humu: nikilazwa sijitambui, nani aamue nitibiwe vipi? Mkamcheka, eti anajichuria.

Hajichurii. Kaeni niwaambie.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, kwetu Iramba. Nilikuwa binti niliyemaliza la saba, kijiji kikanipa kazi ya kufundisha kisomo cha watu wazima. Tulisomea kwenye ghala la kijiji kila alasiri. Wanafunzi wangu walikuwa wazazi wa watu, na kati yao walikuwemo mama yangu mzazi na mke mwenzake, ambaye mimi nilimwita mama mdogo.

Zamani hawa wawili kila mmoja alikuwa na mji wake, yaani boma lake, mbali na mwenzake. Tulipohamia kijijini wakapangiwa nyumba zinazotazamana mlango kwa mlango. Yaliyofuata mnaweza kujaza wenyewe. Waligombania kuku, waligombania majivu, waligombania hata kivuli. Baba alikuwa mpole kupita kiasi, akisikia zogo anakumbuka ghafla kwamba ng'ombe hawajanywa maji.

Mwaka ule jirani yetu mmoja alianguka akawa hajitambui. Ndugu zake wakabishana siku mbili, apelekwe hospitali, asipelekwe. Siku ya tatu hapakuwa na wa kubishaniwa. Mama alirudi msibani, na siku hiyo hata kuku wa mwenzake walioingia kwake hakuwafukuza.

Wiki hiyo hiyo darasani nikatoa zoezi: kila mtu aandike barua fupi kwa amtakaye. Wengi waliwasalimu watoto wao walioko mjini. Mama aliandika hivi:

"Nikiugua nisiweze kusema, mke mwenzangu aseme. Nataka kuishi hata nikiwa kilema. Asiulizwe mtu mwingine."

Nilicheka, wakuu. Nikaweka tiki nyekundu, nikaandika "Vizuri, ongeza bidii." Hiyo ndiyo aibu yenyewe. Nilisahihisha mwandiko, alichokisema sikukisoma.

Nyumbani nikamtania, iweje yule, na asubuhi tu mmetoka kurushiana maneno? Alikuwa anapepeta uwele, wala hakuinua kichwa.

"Baba yako atalia," alisema. "Kaka yangu atakataa. Huyu hajawahi kuniogopa."

Kwa wasio wa kwetu: Iramba ya wakati ule, mwanamke hata akiwa na wajukuu, kaka yake bado ana kauli kubwa juu yake. Kumruka kaka ukaenda kwa mke mwenza, hiyo haikuwahi kusikika. Tena ukiugua, mke mwenza ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole.

Msimu uliofuata mama akajikata mguu kwa jembe kwenye shamba la kijiji. Kidonda kidogo tu. Akakifunga kwa kitambaa, akaendelea kupalilia, maana mama na ubishi walizaliwa siku moja. Baada ya siku chache mguu ukavimba, ukaanza kuwa mweusi. Tulipomfikisha hospitali Kiomboi kwa tela la kijiji, homa ilikuwa imemzidi. Aliniita kwa jina la marehemu bibi yangu.

Daktari akasema mguu ukatwe chini ya goti, na ukatwe leo. Kesho atakuwa amechelewa. Akataka neno la ndugu.

Baba akaanza kulia, kama alivyotabiriwa. Akasema hawezi kukata kiungo cha mtu kabla mjomba Msengi, kaka wa mama, hajafika. Na mjomba alikuwa kijiji cha mbali, mjumbe alikuwa ndiyo kwanza ameondoka kwenda kumwita.

Mimi ile barua hata haikunijia kichwani.

Mama mdogo akafungua pindo la kanga yake, pale watu wanapofunga hela. Akatoa ukurasa wa daftari uliokunjwa mara nne, una tiki yangu nyekundu. Kumbe mama aliuchana akampa, na yule alitembea nao mwaka mzima bila kumwambia mtu. Hata siku walizokuwa hawasemezani alikuwa nao.

Daktari akasoma. Akauliza huyu mke mwenza ni nani.

"Ni mimi," akasema. "Ukateni huo mguu."

Akapewa kalamu. Jina lake aliliandika taratibu, herufi moja moja, kama nilivyomfundisha. Alijua anachokiweka rehani. Mama akifa, yeye ndiye mchawi aliyemkata mwenzake kwa wivu, na hapo kijijini asingekaa tena.

Kesho yake mjomba alifika, oparesheni imeshafanyika. Shikamoo yangu hakuiitikia. Aliyosema juu ya mama mdogo siwezi kuyaandika hapa, mods watanifungia. Mama mdogo aliendelea kumlowesha mama midomo kwa kitambaa. Nilimwonea huruma mpaka nikatoka nje kulia.

Siku ya tatu homa ikashuka. Mama akafumbua macho, akapapasa mguu, akakuta haupo. Alilia sana, sitawadanganya. Kisha akamsikia mjomba anaanza tena kushutumu, akamnyamazisha kwa mkono.

"Kaka, nimemtuma mimi," akasema. "Ungewahi wewe, ungenipenda mpaka nife."

Mjomba akakaa chini. Baadaye alimletea mama mdogo beberu, akamwomba radhi mbele ya baba.

Mama aliishi miaka mingi na gongo lake la kutembelea. Na msidhani waligeuka marafiki wa kushikana mikono. Mwezi haujaisha nikawasikia wanabishana nani kaachia mlango wazi. Nilifurahi siku hiyo, acheni tu.

Miaka ikapita nikamwambia mama kwamba alikosea kitu kimoja, angemweleza kaka yake mapema, asingemwacha mwenzake abebe matusi peke yake. Akakubali. Kwa mama, hiyo ilikuwa nadra.

Kwa hiyo wakuu, mchague mtu mkiwa wazima, mumwambie mnachotaka, na wengine wote wajue. Msitafute anayewapenda sana, tafuteni atakayeweza kusema neno lenu likiwa gumu.

Mimi nimemchagua mkamwana wangu, mke wa kijana wangu wa pili. Nimeandika, na nimeita familia nzima nikawasomea. Wanangu wamenuna, watazoea.

Mkamwana mwenyewe ndiye aliyenifuata jikoni baadaye, machozi yanamlengalenga. "Mama, na nikikosea?"

Nikamwambia, "Ukikosea, nimekosea mimi niliyekuchagua. Wewe lala usingizi wako."

Haya, na wewe unayesoma, umemwambia nani? Andika hapo chini, na wa kunipinga pia nawasubiri, mimi silali mapema siku hizi.