Nusu ya Uso Iliyoachwa Gizani

Leo nina studio yangu hapa nyumbani, na diploma ya uchoraji iko ukutani, fremu nimeichonga mwenyewe. Hakuna aliyenilipia ada. Lakini mvua ikinyesha asubuhi na mwanga ukawa wa kijivu, moyo wangu hurudi Toronto, kwenye jiko la nyumba moja ya mtaa wa Malvern.

Niliishi mtaa wa Parkdale, nikifanya usafi hospitalini na kusomea uchoraji. Nilipenda picha za watu zilizochorwa karne ya kumi na tisa. Wachoraji wale walimketisha mtu kando ya dirisha, wakaangaza upande mmoja wa uso, wa pili wakauacha ufifie. Walijua aliyekaa pale hatakaa milele. Darasa zima, ni mimi niliyeushika ufundi ule. Mwalimu mwenyewe alikiri.

Ndipo mama mmoja wa kanisani kwetu akaniomba nimchore mumewe. Mzee alikuwa mgonjwa, na madaktari walikuwa wameacha kuahidi. Kila Jumamosi nilipanda basi hadi kwao, nikamketisha kando ya dirisha la jikoni, theluji nje, chai ya tangawizi mkononi mwake, nikamchora kama wale wa zamani.

Mama alipoiona picha aliniambia niondoe ule weusi wa upande mmoja. Kwetu picha ya mtu hung'arishwa. Hata mafundi wa picha za mazishi hufuta makunyanzi na kuweka mawingu nyuma.

"Huyu bado anakula ugali wangu," alisema. "Mbona umeshamtia kaburini?"

Nilimweleza kwa elimu yangu yote. Hakutaka. Mzee ndiye aliyenyoosha shingo akaitazama.

"Mama, mwache kijana. Akitoa kivuli nitabaki bapa kama sahani. Wajukuu watapakulia wali usoni mwangu."

Tulicheka wote, yeye akaishia kukohoa. Kivuli kikabaki.

Alifariki kabla theluji haijaisha. Baada ya matanga Mama aliniita niitundike picha. Alichagua ukuta wa karibu na dirisha la mashariki, akanifanya niisogeze huku na huku mpaka jua la asubuhi likaangukia ule upande wenye giza.

Nilimwambia jua hufifisha rangi; hilo tulifundishwa mapema kabisa.

"Mwanangu, wewe ulishamchora ulivyotaka," alisema.

Nikapigilia msumari pale alipoonyesha.