Mke wa Mombasa

Siku hizi watoto wanaorudi skuli wanasema nyambizi. Sisi katika miaka ya hamsini tulisema manowari ya chini, na hata hilo tulilisema huku tunacheka, kwa sababu mtu pekee tuliyemjua aliyedai kuipanda alikuwa mume wa mama yangu mkubwa, na hapakuwa na aliyemwamini.

Alikuwa mpishi, mtu wa Kikwajuni, hapa Unguja mjini. Wakati wa vita alivuka kwenda Mombasa kutafuta kazi, akaipata jikoni katika meli kubwa ya Waingereza iliyokuwa ikizihudumia manowari za chini. Kutoka hapo, kwa maelezo yake, akashushwa kwenye manowari yenyewe, yeye na mwenzake mmoja wa Paje, kijiji cha pwani huko shamba. Miaka ikapita bila ya barua. Aliporudi, wanaume wa barazani wakamuuliza chini ya bahari mtu anapika nini. Akasema anapika viazi. Wakamuuliza moshi unatokea wapi. Akasema hakuna moshi, jiko lenyewe ni la umeme. Hapo ndipo alipojimaliza, maana mtaa wetu nyumba nyingi hazikuwa na umeme wa kuwashia taa, seuze wa kuchemshia viazi chini ya bahari. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na kahawa. Tangu siku ile hakusimulia tena, na watu wakaijaza wenyewe ile miaka yake. Wakasema alikuwa na mke Mombasa.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mama mkubwa hakumuuliza hata mara moja. Alikuwa na kiburi, nalisema hili kwa mapenzi, na aliona kumuuliza mume jambo kama lile ni kujivua nguo. Badala yake alinuna, na alinuna kwa ufundi: chakula kilipikwa, nguo zilipigwa pasi, salamu zilijibiwa, na zaidi ya hapo hakuna.

Ushahidi aliuona kila siku. Mumewe alizungumza kwa sauti ya chini mno, hata wageni wakadhani nyumbani mna mgonjwa. Viatu alivivua nje kabla ya kufika kizingitini. Sahani aliiweka kama anaweka yai. Mlango wa chumba hakutaka ufungwe, ingawa wezi hawakuwa wachache. Na majirani wakianza kutwanga, hasa siku za harusi vinapokusanywa vinu vitatu vinne uwanjani, yeye alichukua kofia yake akatoka, na hakurudi mpaka wamalize. Tena kila mwaka alipanda gari la shamba akenda kulala huko. Akiulizwa na watu anakwenda wapi, alisema, "Kwa mwenzangu wa Paje," basi. Mwanamke gani asingejumlisha? Hata mimi nilijumlisha, na hesabu ikaja ileile.

Alikufa kwa homa mwaka ambao mimi niliachwa na mume wangu wa kwanza, nikawa nakaa kwa mama mkubwa nashona kofia. Matanga yalijaa watu. Siku ya mwisho jirani mmoja, ambaye mdomo wake haukuwa na kizuizi, akauliza mbele ya wanawake wote, "Na yule wa Mombasa, kapelekewa habari?" Chumba kizima kikainama kutazama mkeka. Wageni walipotoka, mama mkubwa akaniita.

"Naam."

"Kama yupo, na yeye imempasa eda. Haiwezi kuwa mimi nimekaa humu ndani na yeye huko anakwenda ngomani, hajui kama mume kafa. Mimi siwezi kutoka. Wewe miguu unayo na ulimi unao."

Ni kweli hakuweza kutoka. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, hatoki ovyo, hajipambi, hazungumzi na wanaume wa kando. Lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayemhurumia mke mwenza. Alitaka kujua. Aliishi na swali lile tangu vita vimalizike, na sasa mwenye jawabu kalala kaburini.

Mimi nami nilitaka kujua kuliko yeye. Marehemu mama yangu alikuwa akisema kwamba nilipozaliwa nilitazama kwanza nani yumo chumbani, ndipo nikalia.

Nilianza na mjini. Kaka yangu alikuwa akifanya kazi bandarini, nikamtuma awaulize mabaharia. Wote walikuwa na habari za mke wa Mombasa, na hapana hata mmoja aliyemwona. Huyu alisema ni mweupe mwembamba, yule akasema ni mnene ana duka la nazi. Nikaona hawa wataniozea marehemu wake wanne kabla ya Ijumaa. Aliyebaki ni yule mwenzake wa Paje. Nikapanda gari la shamba asubuhi, na nitasema kweli, nilikwenda nikiamini kwamba huyo mwenzake wa Paje anavaa kanga.

Kufika, nikauliza nyumba ya mtu aliyekwenda vitani. Nikaelekezwa, na nikaambiwa hapohapo kwamba mwenyewe alifariki mwaka uliopita. Ni mwanamume, basi, na amekufa. Nilimkuta mjane wake kando ya mlango anapiga makumbi. Wanawake wa kule hufukia maganda ya nazi pwani mpaka yaoze, kisha huyafukua na kuyaponda kwa gongo, wapate nyuzi za kusokotea kamba. Ni kazi ya kishindo. Unaisikia kabla ya kuiona nyumba.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Nikajieleza mimi ni wa nyumba gani. Akaliweka gongo chini. "Yule bwana wa mjini? Asiyesema?" Nikamwambia ametangulia mbele ya haki. Habari haikuwa imemfikia. Akakaa mchangani, akasoma innalillahi. Kisha badala ya mimi kumuuliza, akaniuliza yeye.

"Alikuwa akiweza kukaa penye kinu?"

Nikamjibu kwamba alikuwa akitoka nyumbani mpaka wamalize.

"Wangu na gongo hili," alisema. "Miaka yote nlichukua makumbi yangu nikenda kuyapiga kule mwisho wa minazi, peke yangu. Wenzangu wakasema najidai. Hapa mlangoni nimeanza alipokufa. Na mpaka leo nikipiga la kwanza natazama ndani."

Alisema kwa Kikae chao. Nayaandika kwa maneno ya mjini kwa sababu lahaja yao sijapata kuiweza. Mumewe, alisema, alimsimulia kidogokidogo, kwa sababu yeye alimuuliza. Manowari ya adui ikiwa juu inasikiliza, wao walioko chini huzima mashine. Kila mtu huvua viatu. Wapishi hufunga vijiko na sahani kwenye matambara, maana sufuria moja ikianguka inaweza kuwaua wote. Hapo hukaa wakangoja, hewa inakuwa nzito, na maji hudondoka darini. Si ya bahari yale, ni pumzi zao wenyewe. Kisha huja mabomu yanayotupwa majini kutoka juu. La kwanza mbali, la pili karibu, dum, dum, na chuma chote kinatikisika.

Nilimuuliza walilala wapi, walijisaidiaje, maji ya udhu walipata wapi. Akacheka, akasema hata yeye aliuliza yayo hayo, na la choo mumewe alikataa kulijibu mpaka anakufa. La sala alilijibu. Kulikuwa na Mzungu mmoja kijana aliyekaa penye dira. Wakitaka kusali humwendea, naye huwaonyesha kaskazini kwa kidole, wao wakakisia kibla. Dari ilikuwa ya chini, walisali wamekaa. Na pengine manowari hugeuka wakiwa katikati ya rakaa. Basi yule Mzungu alikuwa akija polepole na soksi zake, akawashika mabega akawageuza, bila ya kusema neno, kisha akarudi kwenye dira yake. Kama sala ile ilisihi au haikusihi, sijui. Sijapata kumsikia mtu mwengine aliyesalishwa namna ile.

"Na huyo Mzungu yuko wapi sasa?" nilimuuliza.

"Si alikufa."

Wapishi wote wawili walishikwa na homa, wakaachwa juu, kwenye meli kubwa. Manowari ikatoka na watu wengine jikoni. Haikurudi. Haikujulikana imezama wapi, wala hakuna aliyezikwa. Kwa hiyo kila mwaka yule wa mjini alikuwa akija Paje, wanakaa chumbani wawili, mlango wazi, mwenyeji anasoma Yasini kwa midomo tu, wanakula, wanalala, asubuhi mgeni anapanda gari. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliposikia alimwambia mume wa bibi huyu haijuzu kuwaombea wasiokuwa Waislamu. Naye akamjibu kwamba yeye haombi, anasoma tu, na wenyewe ikiwa wanasikiliza hawezi kuwafukuza.

Ndipo nikalitoa lililonileta. Mke wa Mombasa. Yule bibi alinitazama, kisha akacheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Mwanangu, watu wale hawakuachana hata siku moja, tangu kuandikwa kazi mpaka kushuka Unguja. Angekuwa na mke, mimi ningemjua mpaka chanjo zake. Wangu hakunificha hata yaliyomuaibisha yeye mwenyewe. Wako alikuwa akimtaja mkewe wa mjini mpaka watu wakachoka."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Sikutaka ushahidi mwengine. Wanawake wawili wasiojuana, mmoja shamba na mmoja mjini, walikuwa na mume wa tabia moja. Na tabia ile haifundishwi Mombasa kwa mwanamke mwenye duka la nazi.

Nilirudi Kikwajuni alasiri na furaha yangu kama niliyebeba halua. Niliingia chumbani kwa mama mkubwa hata buibui sijavua, nikamsimulia yote, viatu, sahani, dira, makumbi, Yasini. Nilidhani atacheka, au atapiga vigelegele vya kimoyomoyo kwa kumshinda yule jirani. Alisikiliza. Akanitaka nirudie maneno ya kinu. Nikayarudia. Kisha akauliza, "Na huyo wa Paje, yote haya aliyajuaje?"

"Alimuuliza mumewe."

Akaitazama mikono yake. Nilitamani ningejibu vingine, lakini hapakuwa na jibu jengine.

"Walipokuwa wanamtoa," alisema, "walikuja mlangoni kuniuliza kama nna radhi naye." Ni desturi, mke huulizwa kabla ya jeneza kuondoka, ili maiti asende na deni la mtu. "Nkasema nshamsamehe. Nlimsamehe mke wa Mombasa. Nkajiona mwema, nkalia kwa wema wangu. Kumbe nimemsamehe asilolifanya. Na mimi niliyemnunia mpaka anakata roho, nani atamuuliza yeye kama ana radhi nami?"

Nikamwambia lile analosema kila mtu, kwamba Mungu ni mwingi wa msamaha, atamsamehe.

Akasema hilo analijua, lakini msamaha anaoutaka yeye ni wa mumewe.