Mama mdogo kawapigia vigelegele wapenzi wa Kijapani

Leo mama mdogo kapiga vigelegele ndani ya makumbusho.

Vile vya ukumbini kabisa. Mlinzi akaja mbio, mimi nikajifanya nimekuja peke yangu.

Tulikuwa tunaangalia picha za Kijapani, zile za kuchonga kwenye ubao na kupiga chapa. Kijana na msichana, mwavuli mmoja, theluji, msichana kajitanda nyeupe.

"Angalia bibi harusi wa watu alivyopendeza!"

Nikasoma maelezo ukutani. Nikatamani nisijue kusoma.

"Mama mdogo, hawaendi harusini. Ni hadithi ya kale. Wazazi walikataa waoane, sasa wanaenda kujitupa mtoni. Wote wawili."

Mkono ukashuka kutoka mdomoni.

Kwa msiojua: miaka mitano iliyopita alirudisha barua ya posa ya binti yake Neema bila kuifungua, kisa kijana ni wa dini nyingine. Neema anaishi Columbia, nusu saa tu kwa gari. Mama yake ana wiki ya tatu hapa kwangu Wheaton, na Neema hajaja kumwona.

Akaisogelea picha.

"Na wazazi wao, walisema nini baadaye?"

"Haijaandikwa."

Akanishika mkono. "Mwambie mwenzio Neema waniletee tena ile barua. Safari hii nitaifungua."

Jamani.

Yule kijana wa barua alioa mwaka jana, Alexandria ya huku huku, mtu mwingine. Pilau lake nililila.

Sasa tuko kwenye treni, mama mdogo anapanga atawapikia nini wajumbe wa posa.

Nyie mngemwambia kwenye kituo gani?