Kilio cha Sehemu ya Sita

Studio yetu ilikuwa stoo ya makoti. Sisi tuliiita studio, lakini mlangoni imeandikwa kwa Kichina kwamba ni ghala, na ndani ni marobota tu, yamepangwa mpaka karibu na dari, yanasubiri kontena. Ofisi ya kago ninayofanyia kazi iko ghorofa ya tatu, kwenye jengo moja la mtaa wa Sanyuanli, huku China, na stoo iko nyuma yake. Kazi yangu ni kupima mzigo, kuandika alama ya mwenye mali ubavuni mwa robota kwa maka nyeusi, na kuwajibu wateja wanaouliza kama meli imeshaondoka. Kidato cha nne nilikimaliza, au tuseme chenyewe kilinimaliza, na mambo ya utangazaji sikuwahi kuyasomea popote. Lakini tangu mdogo nilikuwa mtu wa kulala na redio sikioni. Siku moja nikiwa ndani ya ile stoo nikapiga chafya, nikashangaa. Chafya ilifia palepale. Haikugonga ukuta, haikurudi. Makoti yalikuwa yameimeza. Nikasema moyoni, hapa ndipo.

Ndivyo ilivyoanza podikasti yetu, mchezo wa sauti kuhusu familia ya wauza mchele katika mji mdogo wa nyumbani. Tulikuwa watu watatu. Mimi niliandika, na niliigiza kitinda mimba mtukutu. Wa pili ni mwanafunzi wa uhandisi, Mzanzibari aliyekuja kwa ufadhili. Huyu aliigiza mjomba mlevi, yeye ambaye hata harufu ya bia haijui, na ndiye aliyekata na kuunganisha sauti kwenye kompyuta yake. Wa tatu ni dada mmoja mfanyabiashara wa nguo za watoto, mtu wa Bunda. Ananunua kwenye maduka ya jumla ya Guangyuan Xilu na mzigo wake unapita kwetu. Aliigiza binti mkubwa wa familia, na kusema kweli ndiye aliyekuwa podikasti yenyewe. Akisema tu "Karibu ukae," msikilizaji anatafuta kiti.

Tulirekodi mchana, watu wakishakula. Asubuhi haiwezekani, jengo zima linapiga kelele za selotepu, krraa, krraa, mpaka unaiota. Ila Wachina wakishakula wanalala. Wanazima taa, mmoja anajinyoosha juu ya mizigo, mwingine anaunganisha viti, mwingine anaweka kichwa mezani, na jengo linatulia kama shule siku ya Jumapili. Hapo sisi tunaingia stoo na maiki yetu.

Kilichokuwa hakipatikani ni sauti za nyumbani. Jogoo, kwa mfano. Nilikwenda mpaka soko la kuku, majogoo wapo, lakini wamenyamaza, nadhani wanajua wako wapi. Kwa hiyo kila mteja anayerudi nyumbani nilimpa oda. "Niletee mbuzi." "Niletee ufagio wa chelewa asubuhi." Walikuwa wananicheka, lakini walileta. Baba mmoja aliniletea mvua juu ya bati, nzuri sana, ila mwishoni anasikika mkewe akimwuliza, "Na wewe unafanya nini mvuani na hiyo simu?" Nilimwacha mkewe humo humo.

Sehemu ya sita niliandika mama wa ile familia anafariki. Niliandika bila kuwaza, kwa sababu hadithi ilikuwa imelala na nilitaka kuiamsha. Dada akasoma kwenye simu yake, amekaa juu ya robota.

"Unamwua mama?"

"Hadithi inataka, dada."

"Mwue mjomba. Mlevi yule, hakuna atakayeuliza."

"Mimi nife kwa kosa gani?" Mzanzibari akaruka. "Ndo kwanza nimeanza kuuzoea ulevi!"

Tukacheka. Lakini yule alipokwenda darasani, dada hakuinuka. Akaniambia kwamba mama yake mwenyewe alifariki mwaka jana, yeye akiwa hapa. Walizika kesho yake, na hata angepanda ndege saa ile ile asingewahi. Kwenye grupu watu walituma pole, na maua, na ile mikono ya kuomba. Aliwajibu wote ahsante. Mchana akaenda kuchagua magauni, maana mwenye kiwanda alikuwa anamngoja. Hakulia siku ile, wala siku iliyofuata, wala mpaka leo.

"Sasa mwezi ujao nakwenda nyumbani," akasema. "Mara ya kwanza tangu wamzike. Na kwetu, mdogo wangu, mtu aliyekosa mazishi akifika analia kuanzia getini. Wanawake wanatoka jikoni, wanampokea kwa kilio, mnaanza upya wote. Ndiyo heshima ya yule aliyelala pale. Mimi nikifika nikakauka, je?"

"Hutakauka, dada."

"Umejuaje? Mwaka mzima nimekauka. Watasema China imemgeuza jiwe. Na shangazi zangu unawajua? Huwajui. Baki hivyo hivyo, usiwajue." Akacheka, kisha akanirudishia macho. "Usimfufue huyo mama. Mwache afe. Nitajaribia hapa kwanza."

Tangu siku hiyo sehemu ya sita haikuwa yangu tena.

Tulijaribu. Kwenye karatasi nilikuwa nimemwandikia "Mama yangu ee!" na nafasi ya kulia. Alipofika hapo, kwenye hedifoni nilimsikia mtu anayemwita mwenye duka amrudishie chenji. Tukarudia. Mzanzibari akaleta vitunguu kutoka kantini ya chuo, akavikata pale pale mbele ya pua ya dada. Machozi yalitoka kweli, lakini sauti ikabaki sokoni.

"Macho yanalia, koo linapatana bei," dada akasema, huku akijifuta.

Mzanzibari akamwambia kwa upole, "Dada, kwetu hatupigi ukelele. Tunakaa, tunasoma, tunamwombea. Na kufiwa ni kule kule."

"Kwenu mna raha. Njoo uwaambie shangazi zangu."

Siku zikasogea. Kontena la makoti lilikuwa linakaribia, na makoti yakiondoka stoo ingekuwa kama kisima, ukisema neno linakurudia. Ikafika siku moja, joto kali, Mzanzibari ameleta tena vitunguu na ameacha mlango wazi tupate hewa, dada amejaribu tena na tena, sauti ile ile ya chenji. Nikaona uso wake umeanza kuogopa kweli. Nami huwa siwezi kumwona mtu hivyo nikakaa kimya. Nikasema, "Dada, ngoja nikuonyeshe."

Nikavuta pumzi, nikamkumbuka bibi yangu, nikaachia: "Mama weee! Mama umeniacha na nani mieee!"

Makoti yanameza chafya. Kilio cha namna ile hayawezi. Kilitoka mlangoni, kikapita korido, kikaingia kila ofisi iliyolala.

Zikaanza kusikika ndala. Wa kwanza kufika alikuwa mzee mmoja Mkongo, mwenye ofisi ya kutuma mizigo mkabala na yetu, kofia mkononi. "Mon Dieu! Ni nani amekufa? Ni nani?" Nyuma yake akina mama wawili wa Kitanzania, wateja wetu waliokuwa wanasubiri mizani. Mmoja alikuwa keshatoa kanga kwenye begi la sampuli na kujifunga juu ya jinzi, sijui aliwahi saa ngapi. Kisha mlinzi wa jengo. Kisha laobanniang, yaani bosi wetu mwanamke mwenye stoo, nywele zimelala upande mmoja, chupa yake ya maji moto kwapani.

Mimi nimesimama mdomo wazi. Mzanzibari ameshika kitunguu.

"Samahanini jamani," nikaanza, "hapa tulikuwa tuna..."

"Mama yangu," dada akasema, sauti ya kawaida kabisa, kama anataja saizi ya gauni.

"Lini, dada?" akauliza yule wa kanga.

"Mwaka jana."

Mzee akatazama maiki, akatazama karatasi, akatazama kitunguu. Si mjinga, aliona kila kitu.

"Mzee, tulikuwa tunarekodi tu," nikamwambia. "Ni mchezo. Tusameheni kwa kuwaamsha."

"Minaona."

"Basi, mnaweza..."

"Nimekwisha kufika," akasema. "Mutu akifika ku matanga, anarudilia mulangoni? Kwenu munafanyaka hivyo?"

Akaketi juu ya robota. Akina mama wakakaa chini, miguu wameinyoosha mbele kama inavyokaliwa msibani, viatu wamevipanga pembeni. Mlinzi alitaka kugomba, laobanniang akamrudisha kwa kidole. Mmoja mmoja wakamshika dada mkono.

"Pole, dada."

"Ahsante."

"Pole sana. Aliumwa?"

Nilimwona dada anashtuka kidogo. Baadaye aliniambia kwamba mwaka mzima hakuna aliyekuwa amemwuliza hilo. Kwenye simu watu wanatuma pole, wewe unatuma ahsante, mambo yanaisha. Swali la "aliumwa?" linataka mtu aliyekaa chini.

"Presha," akasema. "Asubuhi alifagia mwenyewe. Akasema kichwa kinagonga."

"Ee. Mtu mzima huyo. Ameacha wangapi?"

"Watano. Mimi wa kwanza."

"Na siku hiyo alikuwa na nani ndani?"

Dada akafungua mdomo ajibu. Alikuwa na jina la kutaja, najua, mdogo wake ndiye aliyekuwepo. Lakini kilichotoka ni, "Mimi sikuwepo." Halafu akalia.

Hakikufanana na changu hata kidogo. Hakikuwa na maneno. Kilianza kama kikohozi, kikapotea, kikarudi kimekua. Yule wa kanga akamsogelea, akamwegemeza, akaanza kuimba kwa chini wimbo wa kanisani, mwenzake akapokea. Mzee Mkongo akainamisha kichwa. Mzanzibari alikuwa ameweka kitunguu chini na viganja vyake viko wazi mapajani, midomo inacheza taratibu.

Mashine ilikuwa inarekodi, taa yake nyekundu inawaka. Nitasema ukweli, sijawahi kuitaka sauti kama nilivyoitaka ile. Miezi yote niliyohangaika na jogoo na mbuzi, ile pale, imekuja yenyewe. Nikasogea pembeni ya marobota, nikaizima. Mzanzibari aliniona, akatikisa kichwa kukubali.

Laobanniang akanivuta mkono. Kichina changu ni cha mizigo tu, lakini neno mama kwao ni mama, kwa hiyo nikamwonyesha dada, nikasema, "Mama," kisha nikaelekeza chini. Akaelewa. Akafungua chupa, akamimina maji moto kwenye kifuniko, akayapuliza, akampa. Kwao maji moto ndiyo dawa ya kila kitu, kuanzia mafua mpaka talaka. Dada akayanywa yote, na joto lile.

Walikaa mpaka selotepu zilipoanza tena korido ya pili. Mzee akainuka, akavaa kofia. "Bon. Kazi." Kufika mlangoni akageuka. "Na ile mchezo, itatoka siku gani?"

Sehemu ya sita haina kilio. Changu tulikitupa, maana Mzanzibari alisema kinatisha watoto. Tulichobakiza ni kile kilichorekodiwa kabla sijazima, kwa ruhusa yao wote: ndala zinakuja, moja, kisha nyingine, robota linalalamika mzee anapokaa, "Pole, dada," "Ahsante," na lile swali, "Aliumwa?" Hapo tukakata. Wasikilizaji wetu si wengi, ni jamaa zetu na jamaa za jamaa zetu. Mmoja aliandika kwamba mbona huu msiba hauna kelele, halafu chini akaongeza kwamba amempigia mama yake.

Makoti yakaenda. Dada naye akasafiri. Nilimpa oda yake kama wengine: "Jogoo, dada. Wa Bunda. Na usisahau kuzima simu ukimaliza." Kuhusu getini hatukuzungumza.

Baada ya siku kadhaa sauti ikaingia kwenye simu yangu, ndefu kuliko zote nilizowahi kuletewa. Nikavaa hedifoni pale pale kwenye mizani, maka bado iko mkononi. Mlango wa gari. Magurudumu ya begi juu ya kokoto. Mbwa. Nikaelewa kwamba alikuwa amewasha simu mapema, akaisahau kwenye mkoba. Mtu akasema kwa mbali, "Ndiye huyo! Ndiye!" Magurudumu yakasimama.

Kimya. Mteja mbele yangu ananiuliza kitu, nikamwinulia kiganja, ngoja.

Kisha kikaja, kama kikohozi. Kikapotea. Kikarudi kimekua, na mara sauti za wanawake zikakifuata kutoka upande wa jikoni, nyingi, wakati mmoja, na baada ya hapo sikuweza tena kuitambua ya kwake.

Niliendelea kusikiliza. Viti vinavutwa, vikombe, bibi mmoja anauliza kama mgeni amekula. Mbali kabisa, karibu na mwisho, jogoo akawika, safi, hakuna upepo.

Chini ya ile sauti dada alikuwa ameandika: "Mwanzo ni wangu, kata. Anzia kwenye jogoo. Halafu niangalizie mzigo wangu kama umepanda meli."

Nikakata, nikaanzia kwenye jogoo. Na mzigo ulikuwa umepanda.