Unga Mweupe Kwenye Dawa ya Mizizi

Mtaani walimwita Bi Sindano, na wengine walilitamka jina hilo kwa kumcheka. Alikuwa ameanza kama mfagizi katika kliniki ya tiba ya Kichina. Siku moja daktari mwenye kliniki, mama wa Kichina mfupi, mwenye hasira za karibu, alimkuta akirudisha mizizi kwenye droo zake bila kukosea hata mmoja. Akamwambia, "Acha fagio. Kesho uje kusoma."

Alisoma miaka tisa. Mwaka wa kwanza hakugusa mgonjwa. Alichoma sindano kwenye kipande cha sabuni mpaka vidole vikaota sugu, kisha kwenye mguu wake mwenyewe. Alijifunza kuweka vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono na kutofautisha mapigo yaliyokaza kama uzi na yale yanayoteleza. Alijifunza kusoma ulimi, rangi yake na utando wake. Mwalimu alimfundisha kwamba mwilini mna njia, na ndani yake hupita nguvu iitwayo chi. Ikikwama, panauma, na kazi ya sindano ni kuifungulia. Lakini hakuacha kumwonya: "Atakayekwambia sindano inaponya kila kitu ni mwizi."

Mwalimu alipostaafu na kurudi kwao, kliniki ilinunuliwa na mfanyabiashara ambaye wote walimwita Bosi. Huyo hakujua mapigo wala ulimi. Alijua mabango. Haukupita mwezi, mlangoni pakaandikwa: KISUKARI, PUMU, MAUMIVU YA VIUNGO, SIKU SABA TU. Bi Sindano akamwomba aliondoe bango hilo.

"Mama, wewe choma sindano," Bosi alimjibu. "Maneno niachie mimi."

Kisha akaleta kapsuli zake za mizizi. Wa kwanza kuzisifu alikuwa wifi yake Bi Sindano, dada wa mumewe, fundi cherehani aliyekuwa amekakamaa vidole. Alimeza Jumatatu, Jumatano akawa anashona sare za shule huku akiimba.

Bi Sindano hakuimba naye. Mizizi aliijua, na hakuujua mzizi wenye mbio hizo. Baada ya miezi minne uso wa wifi ulikuwa umeviringana na mashavu yamejaa. Watu wakamsifu eti amenawiri, kumbe mikono na miguu imekonda, na ukimgusa kidogo tu ngozi inavilia damu.

Mchana mmoja aliingia stoo kuchukua pamba. Juu ya meza palikuwa na kinu cha kusagia, lundo la maganda matupu ya vidonge vya hospitali, na bakuli la unga mweupe kando ya unga wa kahawia wa mizizi. Damu ikamchemka. Bosi akatokea mlangoni.

"Unawalisha watu nini?"

"Nawalisha nafuu. Si ndiyo wanayoitaka?"

"Wifi yangu anavimba!"

"Wifi yako anashona. Sindano zako zilimpa nini?"

Hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli: sindano zilimpa wifi nafuu ya siku mbili tatu, basi. Lakini hakurudi nyuma. Alivuta shuka la kitanda cha wagonjwa, akafunga maganda na kapsuli ndani yake, akampiga Bosi kikumbo na kutoka.

Alimburuta wifi hadi hospitali, akamwaga mzigo mbele ya daktari. Daktari aliyasoma maganda, akampima wifi damu, akatikisa kichwa. "Hizi ni steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe na maumivu. Sukari yake imeshapanda. Na asiziache ghafla, anaweza kufa. Tutampunguzia kidogo kidogo." Kutoka pale Bi Sindano alikwenda ofisi ya afya na lile shuka. Juma lile lile kliniki ikafungwa.

Alidhani watamshukuru. Wifi, vidole vilipoanza kukakamaa tena, alimjia juu uani: "Dawa ilinifaa! Umenifungia kliniki kwa wivu, kwa kuwa sindano zako hazifui dafu!"

"Wewe na Bosi mngeyazungumza kimya kimya," mume wa Bi Sindano akasema.

"Kimya kimya?" Bi Sindano alifoka. "Dada yako anageuzwa mtungi, nami ninong'one?"

Nusu mwaka wifi hakumpa hata salamu. Bi Sindano alipanga chumba kando ya kinyozi, akaandika mlangoni magonjwa ambayo hatibu, orodha ndefu kuliko ya yale anayotibu. Wagonjwa wakaja wachache. Hasira haikumtoka, alimkasirikia Bosi, na waliompigia makofi, na nafsi yake kwa kutoingia stoo ile mapema.

Kisha habari zikaja kwamba Bosi amefungua kliniki mtaa wa pili, bango jipya, kapsuli zile zile. Bi Sindano alikuwa anafunga mlango aende ofisi ya afya, wifi akasimama mbele yake, uso umepungua, mkononi ameshika cheti cha hospitali.

"Kisukari hiki ni cha maisha, wifi," alisema. "Twende. Leo nitaanza kusema mimi."