Lawama Niliyomwachia Jirani

Damu ilinisumbua karibu miaka miwili kabla sijaanguka. Nilianguka Zhanxi, soko la jumla la Guangzhou, ndani ya duka la viatu, nikiwa nabishania bei ya sandali za kutuma Dar. Mwenye duka alinikalisha juu ya boksi akanipa maji ya moto, maana Wachina hawakupi maji baridi hata ukiwa unakata roho. Niliyempigia simu ni jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa Kizanzibari mwenye ofisi ya mizigo pale jengo la Tianxiu, anayejua Kichina mpaka cha kugombana.

Hospitalini yeye ndiye aliyenitafsiria: uvimbe umejaa, damu imepungua mno, kizazi kitolewe. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja. Mume wangu alikuwa Dar. Tulikuwa na miaka sita ya ndoa bila mtoto, na mwenzangu hajaacha kusubiri.

"Mpigie mumeo," jirani akasema.

"Nikimpigia ataniambia nirudi nyumbani kwanza, tujaribu dawa nyingine."

"Ni haki yake kujua."

"Nitamwambia nikitoka."

Karatasi ilitaka saini ya ndugu. Nikamsihi asaini kama dada yangu. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nililia, akachukua kalamu.

Baada ya upasuaji alinihudumia kama mzazi. Aliniogesha, akanipikia uji wa mchele wenye pilipili manga, akanishika mkono nijifunze kutembea huku nimeinama kama bibi kizee. Mume wangu alipopiga simu, nilimwambia wameondoa uvimbe tu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi sasa njia imefunguka."

Jirani alikuwa anakunja kanga zangu. Hakuinua uso.

Nilikaa na uongo ule wiki tatu. Mama mkwe akaanza kunitumia dua za kushika mimba, kwa sauti yake mwenyewe, nami namjibu amina. Mwisho nikashindwa, nikamwambia mume wangu.

"Nani alikusainia?"

Nikamwambia.

"Ndiye aliyekushauri?"

Hapana lilikuwa neno moja tu. Sikulisema. Nilisema, "Mimi nilikuwa sijiwezi. Yeye ndiye aliyekuwa anaongea na daktari."

Nilisikia hasira yake ikinihama mimi na kwenda kwa jirani, na nikaona nafuu. Hiyo nafuu ndiyo inayonitia aibu mpaka leo kuliko kitu kingine chochote.

Miezi minne baadaye mume wangu alikuja Guangzhou. Tulikutana na jirani kwenye lifti ya Tianxiu.

"Karibu shemeji! Habari za nyumbani?"

Mume wangu akaangalia namba za ghorofa. Jirani alinigeukia mimi, akanitazama, akaelewa. Akashuka ghorofa isiyo yake.

Mchana ule mimi na mume wangu tulikaa kwenye mgahawa mmoja wa mtaa wa Dengfeng, wali na mbuzi mbele yetu. Nikamweleza yote: nani aliyekataa, nani aliyelia, nani aliyetaka apigiwe simu. Akasukuma sahani.

"Kwa hiyo mke wa watu nimemchukia bure," alisema. "Na wewe unaniangalia tu."

Akaondoka akaenda peke yake ofisini kwa jirani, kumwomba radhi. Mimi nilikwenda kesho yake. Nilimkuta anabandika karatasi za majina kwenye mabalo ya mizigo, hakuacha.

"Mumeo nimemsamehe jana," alisema. "Yeye alikuwa hajui. Wewe nipe muda."

Nikataka kusaidia kuinua balo. Akanizuia, akasema daktari alinikataza vitu vizito.

Mshono umepona. Mimi na mume wangu tunaendelea, ingawa habari ya mtoto hatuigusi, na mama yake ameacha kutuma dua bila kuuliza kitu. Jirani bado anasafirisha mizigo yangu, haijapotea hata kandambili moja. Ananisalimia vizuri, ananiandikia risiti kama mteja yeyote, kisha anamwita anayefuata.