Mama alivyowamwagia javeli bakteria wangu wa kula mazutu

Wakuu, salamu kutoka Likasi.

Mnisamehe makosa ya maandishi. Niliishia shule ya msingi, naandika polepole kwa kidole kimoja, na mbele za watu naona haya. Lakini ninayosimulia yametokea kwenye parseli yetu, kiwanja tunachokaa, na majirani wote walinusa.

Tonton, mdogo wake Mama, anauza mazutu kando ya barabara, yaani dizeli ya kwenye bidoni, madumu ya plastiki. Akiba yake anaiweka kwetu. Siku moja mbuzi wa jirani aliangusha bidoni mbili kwenye bustani ya Mama. Lengalenga yote, yaani mchicha, ikafa. Hiyo ndiyo mboga yetu, na ndiyo anayouza sokoni.

Mama alisema mvua ikianza na udongo bado unanuka, hana pa kupanda. Kweli hatuna shamba lingine.

Tonton alisema, "Dada, uulize mbuzi."

Mimi nikapanda gari hadi Kapolowe kumuona agronomu mmoja, mtaalamu wa kilimo. Akanieleza kwamba udongo wenyewe una bakteria wanaokula mazutu, ila wanataka kusaidiwa. Changanya samadi, nyunyiza maji kidogo, geuza kwa jembe wapate hewa, kisha vumilia, maana ni kazi ya miezi.

Nikakusanya udongo ule rundo moja, nikafanya hivyo. Harufu ikaanza kupungua. Kwa furaha nikamweleza Mama kwamba rundo limejaa bakteria.

Wakuu, hapa kwetu neno hilo tunalijua kutoka matangazo ya kipindupindu.

"Weye, unafuga kolera mu parcelle yangu?"

"Mama, haba ni bazuri. Banakula mazutu."

"Bende kukula kwa mama yabo."

Niliporudi kutoka kuchota maji nilimkuta anamalizia dumu la javeli, ile dawa ya kuua vijidudu, juu ya rundo, kitenge kiunoni, ametulia kama mtu aliyemaliza vyombo. Udongo ulinukia hospitali.

Tonton akavua kofia. "Tutabazika wapi?"

Nikaacha javeli iishe nguvu, nikaanza upya na samadi mpya. Safari hii nilimwambia Mama ni kama munkoyo wake, kile kinywaji cha mahindi anachochachusha: ukiua kinachochachusha, unabaki na maji ya uji. Akaelewa mara moja. Tangu siku hiyo ni yeye anayenigombeza nikichelewa kugeuza.

Mvua ilipoanza, agronomu alipita, akashika udongo, akanusa, akasema tujaribu mbegu kidogo. Zikaota. Mama akapanda tuta zima.

Jumapili akatoa ushuhuda kanisani, akanisimamisha.

Mchungaji akauliza, "Kijana, nani alisafisha udongo wa mama yako?"

Kanisa zima lilijua jibu. Mimi nikasema, "Bakteria."

Watu wakageukiana.

Mama akasema kutoka nyuma yangu, "Na bakteria, nani alibaumba?"

Ngoma zikapigwa, nami nikakaa chini haraka.

Nilichojifunza: usikimbilie kutupa udongo uliomwagiwa mafuta. Na kabla ya kutaja bakteria, ficha javeli.

Kuna aliyejaribu kwenye oili chafu ya gereji? Niandikieni hapa chini. Nitajibu wote, ila mnivumilie, kidole ni kimoja.